Damu Katika Mimba Changa: Tulikotoka

Ni mimi tena, muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kipindi cha leo ni cha kina mama, lakini baba, kama uko karibu na redio usiondoke. Mama mkwe naye avute kiti, maana nitamtaja.

Miezi kadhaa iliyopita alikuja kliniki mama mmoja anayeosha vyombo kwenye vibanda vya nyama choma. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili na nusu hivi. Alikuwa ametokwa na damu kwa siku nne, na siku hizo zote alikuwa akifua vitambaa usiku ili mama mkwe wake asijue. Nilimwambia aketi, na kabla sijamuuliza hata jina alisema, "Sista, sijatoa. Naapa imetoka yenyewe."

Mimi sikuwa nimemuuliza. Aliulizwa na nani basi? Nilikaa na swali hilo nikaona kwamba nikiwasomea tu orodha ya dalili za hatari kama kawaida yetu, sitakuwa nimelijibu. Hofu ile ina historia yake, na leo nataka tuifuate.

Anza na lugha yetu wenyewe. Kutoka na kutoa ni maneno mawili yaliyotenganishwa na herufi moja tu. Mimba ikitoka, ni msiba. Mimba ikitolewa, watu wanauliza maswali, na wakati mwingine polisi nao wanauliza. Mama anayetokwa na damu anajua kwamba jirani anaweza kusikia neno moja badala ya lingine. Hata tunaposema mimba imeharibika, sikio la mtu mbaya linatafuta aliyeiharibu. Ndiyo maana wengi hunyamaza.

Zamani za bibi zetu, mimba ilikuwa mikononi mwa wakunga wa kijijini. Mimi siwacheki wakunga. Walijua mengi, na usiku hakukuwa na mwingine wa kuita. Lakini hawakuwa na njia ya kuona ndani ya tumbo, na mtu asiyeona hulazimika kukisia. Basi damu ilipotoka, watu walikisia: amevunja mwiko, ametazamwa na jicho baya, amebeba mzigo mzito, amegombana na mumewe, au si mwaminifu. Ukitazama makisio hayo yote utaona jambo moja. Karibu kila mara kosa lilikuwa la mwanamke.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wa hapa hawalijui. Katika bonde hili letu, wataalamu walianza kuuliza kwa makini kwa nini mimba hutoka zamani sana. Lakini hawakuuliza kwa ajili ya wanawake. Waliuliza kwa ajili ya kondoo.

Mwaka wa 1904 Wamaasai waliondolewa sehemu hii ya bonde kwa mkataba na serikali ya Waingereza, na ardhi ikapewa walowezi. Mashamba makubwa yakaanzishwa, Soysambu ya Lord Delamere pale Elementaita likiwa mojawapo, na kondoo wa kigeni wenye sufu nyingi wakaletwa. Mwaka wa 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, kondoo jike walianza kutoa mimba kwa wingi, na wanakondoo wakafa kwa maelfu katika muda wa wiki chache. Wataalamu wa mifugo waliitwa. Daubney, Hudson na Garnham walichunguza, na mwaka wa 1931 wakachapisha matokeo yao. Walikuwa wamepata kirusi kipya. Ugonjwa huo ulipewa jina la mahali ulipopatikana, na mpaka leo dunia nzima inauita Homa ya Bonde la Ufa. Waligundua pia kwamba watu waliowashika kondoo wagonjwa walipata homa.

Hakuna aliyesema kwamba kondoo wale walikuwa wamevunja mwiko. Mnyama alipotoa mimba, alitumiwa wataalamu, darubini na maabara. Wakati huohuo mke wa kibarua katika shamba kama lile, mimba yake ikitoka, alikuwa na nini? Hospitali za serikali zilitengwa kwa rangi ya ngozi. Hospitali ya wazazi ya Pumwani ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1926, kwanza kwa jina la Lady Grigg, lakini Pumwani iko Nairobi. Mama wa kambi ya wafanyakazi Naivasha angefikaje huko usiku akiwa anavuja damu? Nikisoma historia hii huwa nakasirika kidogo, nisameheni.

Tubaki kwanza kwenye homa hiyo, kwa sababu inatuhusu sisi tunaoishi kwa mbuzi na kondoo. Ilirudi Kenya kwa nguvu baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikarudi tena mwishoni mwa 2006 hadi 2007, hasa Kaskazini Mashariki, na katika mlipuko huo wa pili zaidi ya watu 150 walifariki nchini. Wenye vibanda vya nyama wanaukumbuka mwaka ule, wateja walivyoogopa nyama. Lakini kama homa hiyo inatoa mimba ya binadamu kama inavyotoa ya kondoo, halikuwa limejibiwa vizuri. Jibu zuri lilikuja mwaka wa 2016, kutoka Sudan. Katika hospitali ya Port Sudan watafiti walipima damu ya wajawazito 130 waliokuwa na homa. Waliokutwa na kirusi hicho walikuwa 28, na kati yao 15 mimba zilitoka. Kati ya wale 102 ambao hawakuwa nacho, mimba zilizotoka zilikuwa 12. Hesabu mwenyewe tofauti hiyo. Kutoka kondoo wa Naivasha hadi kina mama wale wa Port Sudan ni miaka zaidi ya 80.

Kwa hiyo, mama mjamzito wa Kikopey, mbuzi akitupa mimba zizini usimguse kwa mikono mitupu wala usimsaidie kuzaa. Mwite mwingine, naye avae glavu, na daktari wa mifugo apewe habari. Usichinje wala kuosha matumbo ya mnyama ambaye alikuwa mgonjwa. Nyama iliyoiva sawasawa haina neno. Maziwa yachemshwe, kwa sababu kuna pia ugonjwa wa bruselosi unaopatikana kwa maziwa mabichi, nao pia unaweza kuharibu mimba. Malaria na kaswende ni vivyo hivyo, ndiyo sababu tunapima damu unapokuja kliniki mara ya kwanza. Usifikiri tunakunyonya damu bure.

Ng'ambo nako hawakuwa malaika. Huko Marekani, miaka ya 1940, daktari mmoja wa Boston na mkewe mtafiti, George na Olive Smith, walisema kwamba mimba hutoka kwa upungufu wa homoni, na kwamba dawa iliyoitwa DES ingeizuia. Madaktari waliiandika dawa hiyo kwa mamilioni ya wanawake. Ilionekana inafaa, kwa sababu mimba nyingi zilikaa. Lakini, mpenzi msikilizaji, hapa ndipo penye mtego. Karibu nusu ya mimba zinazotokwa na damu kidogo, au zaidi ya nusu, huendelea zenyewe hata mama asipopewa kitu. Ukimpa mama dawa yoyote, hata maji yenye sukari, nyingi bado zitakaa, na wewe utasifiwa.

Mwaka wa 1953, Dieckmann na wenzake wa Chicago waliwapa nusu ya wanawake DES na nusu vidonge vitupu, bila wanawake kujua ni nani amepata nini. DES haikusaidia kitu. Hata hivyo iliendelea kuandikwa kwa miaka mingi baadaye. Ndipo mwaka wa 1971 daktari Herbst na wenzake wakaonyesha kwamba mabinti waliozaliwa na kina mama waliokunywa dawa ile walikuwa wakipata saratani ya uke ambayo ni adimu sana, wengine wakiwa bado wasichana wadogo. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaonya madaktari wasiwape wajawazito.

Nimeikawiza hadithi hii kwa sababu hata leo mtu akiona damu hukimbilia kemisti kuomba "sindano ya kushikilia mimba", na wako wanaouza. Ukweli tulio nao sasa ni mwembamba. Mwaka wa 2019 utafiti wa Uingereza uliohusisha wanawake 4,153 waliotokwa na damu uliangalia homoni ya projesteroni. Kwa jumla haikuonyesha tofauti ya kutegemewa, ila kwa wale ambao walikuwa wamepoteza mimba hapo awali, hasa mara tatu au zaidi, ilionekana kusaidia. Basi kuna mama ambaye dawa hiyo inamfaa na kuna ambaye haimfai, na anayejua ni daktari aliyekupima. Mwenye duka hawezi kukujulia hilo kupitia dirishani.

Kulala kitandani je? Hilo limeshauriwa kwa vizazi vingi, kwa wakunga na kwa madaktari pia, na utafiti haujaonyesha kwamba linazuia mimba kutoka. Kama umechoka, pumzika, una haki. Lakini kama ulichota maji juzi na leo unaona damu, mtungi si chanzo. Ngono pia haitoi mimba iliyo nzima, ingawa damu inapotoka tunashauri muache kwanza.

Chanzo kikubwa ni kipi basi? Mwaka wa 1975 watafiti wa Paris, Joëlle na André Boué pamoja na mwenzao, walichapisha uchunguzi wa mimba 1,500 zilizotoka zenyewe mapema. Takriban sita kati ya kila kumi zilikuwa na hitilafu katika kromosomu, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi kutoka kwa baba na kwa mama. Hitilafu hiyo hutokea mbegu na yai zinapotengenezwa au zinapoungana, kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Huwezi kuisababisha kwa kubeba kuni wala kuizuia kwa kulala. Mama mkwe, hapo ndipo nilipotaka kukutaja. Wakati binti wa watu alipobeba ule mtungi unaomlaumu nao, jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa majuma mengi nyuma.

Kuona ndani ya tumbo kulianzia kiwandani. Daktari Ian Donald wa Glasgow aliona mashine iliyotumiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti, akajiuliza kama itaweza kuona ndani ya mwili. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake, MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha picha zao za kwanza. Hiyo ndiyo altrasaundi, ambayo sisi tunaiita skani. Iliwachukua wengi wetu miaka mingi kuipata, na hata leo si kila kituo kina mashine.

Yule mama wa vibandani tulimtuma kwenye hospitali yenye skani. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Aliyeniapia kwamba mimba imetoka yenyewe, mimba yake haikuwa imetoka kabisa. Alikuwa amejitetea siku nne kwa msiba ambao haukuwapo.

Lakini siku nne zile zingeweza kumuua, na hapa nitasema polepole. Kuna mimba inayojishika nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija. Mrija ni mwembamba, hauwezi kutanuka, na ukipasuka damu hujaa tumboni huku nje ikionekana kidogo tu. Miaka yote ya zamani mama wa namna hiyo alikuwa ni wa kuzikwa. Mwaka wa 1883 daktari wa upasuaji Lawson Tait wa Birmingham alifungua tumbo la mwanamke aliyekuwa anavuja hivyo, akafunga na kuuondoa mrija uliopasuka, na mwanamke akapona. Tangu hapo ugonjwa huu una tiba, sharti mgonjwa afike. Dalili zake ni maumivu makali chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, na wengine huumwa begani bila kuanguka wala kugongwa. Ukiona hivyo usingoje kupambazuke. Bega na mimba havionekani kuwa na uhusiano, najua, ndiyo maana nalitaja.

Kufika ndiko kulikokuwa shida, na jambo hilo lilisemwa kwa sauti hapahapa nchini. Februari 1987, Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu waliitisha mkutano Nairobi juu ya uzazi salama. Ilielezwa pale kwamba wanawake wapatao nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za ujauzito na uzazi, karibu wote katika nchi kama zetu. Kwa mwaka wa 2023 makadirio yalikuwa takriban 260,000. Kumepungua, lakini bado ni mji mzima wa watu.

Miaka saba baada ya mkutano ule, watafiti wawili wanawake, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipanga sababu za vifo hivyo kwa namna ambayo sisi wauguzi tunafundishwa hadi leo. Mama huchelewa mara tatu: huchelewa kuamua kutafuta matibabu, huchelewa njiani, na huchelewa akiwa tayari amefika kituoni. Tazama Kikopey. Malori na magari hupita mbele ya milango yetu usiku na mchana, kwa hiyo mtu angedhani kuchelewa njiani si tatizo letu. Yule mama alikuwa hatua chache kutoka lami. Kilichomchelewesha kilikuwa cha kwanza, kule kuamua, na aliyekuwa anaamua ni hofu.

Pesa nazo zilikuwa na sehemu yake. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada hospitalini. Mwaka wa 2004 ada ya dispensari ikashushwa kuwa shilingi 10 na ya kituo cha afya shilingi 20. Juni 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kukawa bila malipo, baadaye ikaja Linda Mama, na Oktoba 2024 bima ya NHIF ikapisha SHA. Mama, jiandikishe mapema ukiwa mzima. Usingoje siku unayovuja damu ndipo uanze kutafuta kitambulisho.

Kisha kuna kuchelewa kwa tatu, ambako ni kwetu sisi. Nitakiri, hata sisi wauguzi tumewahi kumwangalia mama anayetokwa na damu kama mshukiwa na kumwacha kwenye benchi huku tukiwahudumia wengine kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haisemi kwanza aeleze damu imeanzaje. Hata kama mama amefanya jambo, damu ni damu, na kazi yetu ni kuisimamisha. Ukituficha ulichokunywa au kilichoingizwa, unatuzuia kukutibu vizuri.

Matibabu yenyewe yamekuwa mepesi kuliko yalivyosimuliwa na mama zetu. Wao walisafishwa kwa chuma katika chumba cha upasuaji, wamelazwa usingizi. Siku hizi mimba changa iliyotoka nusu huondolewa kwa kifaa kidogo cha kufyonza kwa mkono au kwa vidonge, na maafisa wa kliniki na wauguzi waliofunzwa huweza kufanya hivyo. Mwenye kundi la damu hasi atuambie, kwa sababu tangu 1968 kuna sindano ya kumkinga mtoto atakayefuata, na huenda ukaihitaji kama mimba imevuka wiki 12 au umesafishwa.

Watu huniuliza pia mtu akae muda gani kabla ya mimba nyingine. Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani lilishauri miezi sita, na wengi wetu tulifundisha hivyo. Mwaka wa 2010 utafiti mkubwa wa Scotland ulionyesha kwamba walioshika mimba kabla ya miezi sita hawakudhurika, tena walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo kama damu imekoma, mwili una nguvu na wewe na mwenzio mko tayari moyoni, hakuna haja ya kuhesabu kalenda kwa woga. Na kama moyo bado unalia, ngojeni. Aliyepoteza mimba ya wiki nane amepoteza mtoto aliyekwisha kumpa jina, pengine kimyakimya.

Sasa, ukija kwetu na damu, leta kijitabu chako cha kliniki, na njoo na mtu mwingine usije peke yako kwa bodaboda ukazimia njiani. Tuambie hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi, damu imeanza lini, ni matone au ni mabonge, na maumivu yako upande gani. Kama pedi mbili zimelowa ndani ya saa moja, au una homa, au kitokacho kina harufu mbaya, sema hapohapo mlangoni, usikae foleni. Mkunga au mhudumu wa afya wa mtaa akikuona kwanza, akulete. Asikupe kitu cha kunywa. Na ukishaketi, huna haja ya kuanza kwa kuapa.